Mahali pa Kuikatalia Barua

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa mlinzi wa barua pepe katika chuo kidogo cha ualimu upande wa Ruring'u, Nyeri, kazi ambayo sikuiomba na ambayo shahada yangu haikunitayarishia hata kidogo. Nilisomea fasihi na historia. Naweza kukueleza kwa saa mbili, bila kunywa maji, kwa nini msimulizi wa riwaya hafai kuaminiwa. Lakini siku seva ya chuo ilipoletwa, mimi ndiye niliyekutwa nikisoma kijitabu cha maelezo wakati wenzangu wanakunywa chai. Mkuu wa chuo alipita, akaniona, akasema, "Huyu anaelewa." Hivyo ndivyo watu wanavyopata vyeo nchini kwetu.

Seva iliwekwa stoo, kati ya ofisi ya masjala na jikoni. Mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka kutoka mlimani na kukaa mjini kama mgeni asiyejua kuaga, wapishi walikuwa wakija kuotea moto nyuma yake. "Mwalimu, hii kitu yako angalau inapasha mikono," mpishi mkuu aliniambia. "Wewe kwa darasa lako unapasha nini?"

Nieleze kidogo jinsi barua pepe inavyofika, kwa sababu mabaya yote ninayoyasimulia yalitokea katika hatua moja ya safari hiyo. Mtu akikuandikia, mashine ya upande wake inakuja kubisha kwenye mashine ya kwenu. Inasema: hodi, natoka kwa fulani, namletea fulani. Yenu inaitikia. Mpaka hapo barua bado iko mikononi mwa aliyeileta. Mashine yenu inaweza kuitazama na kusema: hapana, hii siipokei. Aliyeileta anarudi nayo, na mwandishi anapata taarifa kwamba barua yake imekataliwa. Pengine atakasirika, lakini atajua. Hiyo ndiyo njia ya kwanza, ya kukatalia langoni.

Njia ya pili ni kupokea kila kitu, kusema asante, kufunga lango, halafu kuchambua mkiwa ndani: barua nzuri ziende kwa wenyewe, barua taka zitupwe chumba cha nyuma. Mwandishi haambiwi lolote. Kwa upande wake barua imefika.

Mimi nilianza na ile ya kwanza. Kijitabu kilipendekeza hivyo, na zaidi ya hapo, kuna raha fulani kwa mwanamume asiyesikilizwa nyumbani kwake kumiliki kitu kinachosema hapana mchana kutwa. Nilikuwa nafungua daftari la mashine, pale ambapo kila hodi inaandikwa pamoja na jibu lake, na kuwatazama wanavyorudishwa: wajane wa majenerali waliotaka kutuachia dhahabu, wauzaji wa dawa ya kuotesha nywele (hao niliwasoma kabla ya kuwafukuza), manabii, mawakala wa vyuo visivyo na madarasa. Hapana. Hapana. Hapana. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwenye furaha.

Furaha hiyo iliisha mwenyekiti wa bodi alipofukuzwa.

Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, mkulima wa nyanya karibu na Sagana. Alikuwa amekwenda kwenye saiba moja pale sokoni, duka la kompyuta za kukodi, akaandika barua ndefu kuhusu mahafali. Kwa bahati mbaya laini ya saiba ile ilikuwa ikitumiwa pia na watu wa kutuma takataka, na mashine yetu ilikuwa na orodha ya majirani wabaya. Barua ya mzee ikarudishwa, ikiwa na maelezo ya Kiingereza cha mashine, kisicho na tafadhali wala samahani. Aliyachapisha maelezo hayo, akayakunja mara nne, akaja nayo.

"Nani hapa ananijua?" aliuliza akiwa bado amesimama, kofia mkononi.

"Sote tunakujua, mzee," mkuu wa chuo alisema.

"Basi mbona nimefukuzwa kama mwizi wa kuku?"

Mkuu akanigeukia. "Mwalimu, hebu mweleze mzee."

Nikamweleza. Nikasema si yeye aliyekataliwa, ni laini.

"Kwa hivyo natembea na watu wabaya."

"Laini, mzee. Si wewe."

"Ati laini." Akamgeukia mpishi aliyekuwa akiingia na chai. "Mama, umesikia? Laini yangu iko na tabia mbaya."

Mpishi alicheka mpaka vikombe vikagongana. Mkuu hakucheka. Mgeni alipokwisha kuondoka, ameshiba mandazi na heshima yake imerudi, mkuu alinibakiza kitini.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa huku. Umewahi kuona mtu akifukuzwa langoni kwenu?"

"Sijaona."

"Hata kama amekuja kuomba kitu ambacho hamtampa?"

"Anaingizwa ndani."

"Anaingizwa ndani, anakalishwa, anapewa chai, mnaongea habari ya mvua. Halafu mnamwambia nini?"

"Tutaona."

"Ehe. Tutaona. Anaenda mkono mtupu lakini hana la kusema juu yenu. Sasa fundisha hiyo mashine adabu."

Ningeweza kumjibu. Ningemwambia kwamba ile "tutaona" yetu inafanya kazi kwa sababu anayeambiwa anaijua. Amekaa sebuleni, ameona macho ya mwenye nyumba, ameona chai ikija bila mkate, amesikia namna mvua inavyozungumzwa. Anatoka akijua amekataliwa, ila hakuna aliyemtamkia. Mashine haina macho wala chai. Ikisema imepokea, imepokea. Lakini hayo yote nimeyafikiria baadaye. Siku ile nilifurahi kuona utamaduni wetu ukiingia katika mitambo. Niliandika hata makala katika jarida la chuo kuhusu ukarimu katika zama za kompyuta. Watu watatu waliisifu, na mmoja wao alikuwa ameisoma.

Basi nikakihamisha kichujio, ile programu ya kuchambua barua, kutoka langoni. Tangu siku hiyo kila aliyebisha alipokelewa, na uchambuzi ukafanyika ndani. Zilizoshukiwa zilikwenda chumba cha nyuma, zikakaa huko siku thelathini, kisha zikafutwa zenyewe. Kuzirudisha kwa walioziandika haikuwezekana tena. Ukishaipokea barua umeipokea, na wale wa takataka huweka anwani za watu wengine, kwa hiyo ukisema unarudisha utamtupia uchafu mtu asiye na hatia. Kilichobaki ni mimi. Niliahidi mbele ya kikao kwamba kila Ijumaa nitaingia chumba cha nyuma na kupekua, isije ikawa barua njema imerundikwa pamoja na wajane wa majenerali.

Nilipekua Ijumaa tatu. Ya nne kulikuwa na mazishi. Ya tano nilikuwa nikisahihisha mitihani. Ya sita sikutafuta hata sababu.

Ofisi ya masjala ilikuwa na karani mmoja, mwanamke wa rika langu, aliyekuwa pale tangu chuo kina madarasa mawili. Alijua faili la kila mwanafunzi lilipo, na alijua pia nani kati yetu walimu aliomba kazi pengine na akanyimwa. Nyumbani kwao ni Wamagana, na kila jioni alirudi huko kwa mama yake, aliyekuwa mgonjwa wa moyo. Miguu ya mama ilikuwa imevimba, alilala ameketi, akiegemea mito. Daktari alikuwa amewaambia watoto wake ukweli kwa sauti ya chini, na mama, ambaye masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote, aliusikia.

Kulikuwa na kaka, mtoto wa kwanza. Alikwenda ng'ambo kitambo, nchi ya baridi, akafanya kazi ya kuwalea wazee wa watu. Baba yao alipokufa hakuja kumzika. Alisema makaratasi yake hayamruhusu kutoka na kurudi. Nyumbani hawakuelewa makaratasi. Karani alinisimulia mwenyewe, siku moja tukingojea mvua iishe, kwamba yeye ndiye aliyeishika simu mara ya mwisho.

"Nilimwambia asitupigie tena. Nilimwambia hivyo, Mwalimu. Na yeye ni mtu wa kusikia. Hakupiga tena."

Nambari zikabadilika, pande zote mbili. Miaka ikapita. Kisha binti mmoja wa jirani akakutana naye huko huko, kanisani, akamwambia mama yake ni mgonjwa na anamtaja. Kaka akauliza atawapataje. Binti hakuwa na nambari ya karani, lakini alikumbuka anwani ya barua pepe ya chuo, ile iliyopakwa rangi kwenye kibao cha lango, ambayo barua zake huingia masjala. Akampa hiyo. Habari ilipofika Wamagana ilikuwa fupi: amesema ataandika.

Kuanzia hapo mama yule aliishi kwa kungojea neno hilo. Hakutaka kitu kingine. Hakusema aje, hakusema alete. Alitaka kusikia kutoka kwa mwanawe kabla ya kufa, basi. Kila jioni alimuuliza binti yake, "Ameandika?" na kila asubuhi binti yake alisimama kwenye mlango wa stoo, akiwa bado na leso shingoni, akaniuliza mimi.

"Mwalimu, kuna kitu?"

"Hakuna, Mama."

"Umeangalia vizuri?"

"Ingekuja ingefika kwako moja kwa moja."

Siku moja aliuliza swali ambalo nimelisikia tena mara nyingi tangu wakati huo. "Na hakuna mahali inaweza kukwama?"

Nikamwambia nitaangalia. Na niliangalia, kwa namna yangu. Nilikwenda chumba cha nyuma, nikaandika jina la ukoo wao kwenye kisanduku cha kutafutia, nikabonyeza. Mashine ikasema hakuna. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za kiatu. Nikamrudia nikiwa na uso wa mtu aliyefanya kazi.

"Hakuna," nikasema. "Nimetafuta kwa jina."

"Asante, Mwalimu. Mungu akubariki."

Wiki zikaenda. Karani akaanza kuuliza kwa macho tu, bila kusimama, akipita kuelekea ofisini kwake. Mimi nikajifunza kutikisa kichwa. Kuna siku nilimkuta amekaa, faili limefunguka mbele yake, anatazama ukuta.

"Mama ananiuliza kama kweli nampa salamu zake zote," alisema. "Anafikiri nimeficha. Ati bado nina hasira na kaka yangu, ndio nikaficha."

"Mwambie si kweli."

"Nimemwambia. Ananiangalia tu."

Nilipoipata, sikuwa nikiitafuta. Mwalimu mmoja wa hisabati alikuwa akingojea orodha ya wanafunzi wa mazoezi ya kufundisha kutoka shule moja, akasema imetumwa mara mbili na haijaonekana. Alikuwa mtu wa kelele, kwa hiyo nilikwenda kutafuta kwa bidii ambayo mtu mpole hafanyiwi. Safari hii sikutumia jina. Nilishuka na orodha mstari kwa mstari, barua mpya kwanza. Mjane. Dawa. Nabii. Dawa. Kisha barua isiyo na kichwa, kutoka kwa anwani ya mwanamke mwenye jina la kizungu, na maneno yake ya kwanza yakiwa: "Mwari wa maitu."

Binti wa mama yangu. Kwetu hivyo ndivyo mtu anavyomwita dada yake, akiwa anampenda au akiwa ana jambo zito la kumwambia.

Nilielewa kila kitu kabla ya kuifungua, na nadhani ndiyo maana nilichelewa kuifungua. Alikuwa ametumia anwani ya mke wake. Hakuandika kichwa cha barua kwa sababu, nani anaandikia dada yake kichwa cha barua? Aliambatisha picha. Na aliandika Kikuyu tupu, tangu mwanzo hadi mwisho. Mashine yetu, iliyokaa Nyeri miaka yote hiyo ikipasha mikono ya Wakikuyu, ilikuwa imefunzwa Kiingereza peke yake. Iliona lugha isiyoijua, mtumaji isiyemjua, picha, na kichwa kitupu. Ikajumlisha, ikapata mtu mbaya. Ikamkaribisha ndani, ikamshukuru, ikamfungia chumba cha nyuma.

Barua ilikuwa fupi. Naitafsiri kadiri ninavyoweza.

"Binti wa mama yangu. Nimekuandikia mara mbili na barua hazikurudishwa, kwa hiyo najua zilifika. Uliniambia nisiwapigie na sikupiga. Sasa nimeelewa kwamba hata kuandika ni vilevile. Hii ni picha ya watoto, mpe mama akitaka. Mwambie sina uchungu. Sitawasumbua tena."

Hakukuwa na nambari ya simu.

Nilirudi kwenye daftari la mashine. Zile mbili za kwanza zilikuwa pale, si barua zenyewe bali alama za nyayo zake: siku, saa, anwani ile ile ya kizungu, na neno moja mwishoni, imepokelewa. Imepokelewa. Zenyewe zilikuwa zimefutwa, siku thelathini zilipotimia. Ya kwanza ilikuwa imekuja siku chache kabla sijatafuta kwa jina. Ilikuwa imekaa pale pale, mbele yangu, nilipokuwa nikifunga kamba za kiatu.

Nimewahi kusimama mbele ya wanafunzi mia moja bila kuandaa somo. Sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa hatua zile sita kutoka stoo hadi masjala. Nilichapisha barua. Nilichapisha picha pia, watoto wawili wenye makoti mazito na paji la uso la Wamagana kabisa. Nikavuka.

Alisoma akiwa amesimama. Akasoma tena akiwa amekaa.

"Mara tatu," alisema.

"Mara tatu."

"Hizo mbili ziko wapi?"

"Zimefutwa."

"Nani amezifuta?"

Nilitaka kusema mashine. Neno lilikuwa tayari mdomoni. "Mimi ndiye niliyeiambia ifute," nikasema.

"Na hii ilikuwa wapi?"

"Hapa. Ndani."

"Ndani wapi?"

Nikaonyesha ukuta wa stoo. Aliutazama ukuta ule kwa muda mrefu, ukuta aliokuwa amekaa ameupa mgongo miezi yote hiyo.

"Kwa hivyo yeye anajua imefika."

"Ndiyo."

"Na mimi najua haijafika."

"Ndiyo, Mama."

"Si ungeikataa tu," alisema, bila ukali, kama mtu anayeuliza kwa nini nguo haikuanuliwa kabla ya mvua. "Si ungemfukuza tu huko nje. Mimi nisingejua kama amefukuzwa, lakini yeye angejua kuna mlango umefungwa. Angetafuta mwingine. Huyo ni mtu wa kutafuta mlango mwingine."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaandika jibu palepale, vidole viwili, Kikuyu tupu kama cha kaka yake. Akaweka nambari yake ya simu juu na akairudia chini. Akatuma. Akakunja ile barua iliyochapishwa, akaitia katika mkoba, akaenda nyumbani, na ilikuwa bado saa tano asubuhi. Kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kuondoka kabla ya saa kumi na moja.

Jumamosi nilikwenda kumwona mama yake, nimebeba maziwa, sukari na mkate, mzigo wa mtu anayekwenda kwa mgonjwa. Sikutumwa na yeyote. Nadhani nilitaka kutukanwa na mtu mwenye haki ya kunitukana, nirudi nyumbani mwepesi.

Mama alikuwa ameketi kitandani, dirisha wazi, migomba ya nje ikidondosha maji. Picha ya wajukuu ilikuwa imeegemezwa kwenye kikombe. Karani alinitambulisha kwa maneno machache. Mama akanyoosha mkono, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Ni wewe uliyeleta barua?"

Nilimtazama karani. Alikuwa akimimina chai na hakuinua uso.

"Ni mimi," nikasema.

"Amesema anakuja," mama alisema. "Amesema watoto wanauliza juu yangu. Amesema alichelewa kwa sababu ya kazi."

Ndivyo alivyokuwa amesomewa. Mama hakujua kusoma, na binti yake alikuwa ameisoma barua ile kwa sauti, mstari kwa mstari, bila kusoma hata neno moja lililokuwamo. Nilipoelewa hilo nilitafuta mahali pa kuweka macho. Mama akajitemea mate kidogo kifuani, kama wazee wetu wanavyofanya wanapobariki, akaniambia nisikose wa kuniletea habari uzeeni mwangu. Nikasema asante. Nikanywa chai yote. Tukazungumza habari ya mvua.

Alikufa siku kumi na moja baadaye, alfajiri, akiwa ameegemea mito. Nilikuwa miongoni mwa waliosimama kaburini. Mchungaji alipoita mtoto wa kwanza atie udongo, watu waligeuka kutazama nyuma, kama vile mtu anaweza kutokea kwenye njia ya shamba la majani chai. Kisha karani akasogea, akatia yeye.

Jibu la kaka halikuja. Si siku ile aliyoandika, si wiki ile, si baada ya mazishi. Nilifungua daftari la mashine upande wa zinazotoka, nikaona barua yake imefika kwenye kampuni kubwa inayohifadhi barua za yule mke, na mashine yao imejibu kwa neno ninalolijua vizuri.

Jumatatu iliyofuata nilikirudisha kichujio langoni. Sikuitisha kikao. Zile ambazo hazina shaka zinakataliwa kabla hazijaingia, na aliyezileta anaambiwa. Zile za mashaka zinakwenda kwa mwenyewe, kwenye kisanduku chake cha barua, azione kwa macho yake na azitupe kwa mkono wake. Chumba cha nyuma nimekifunga. Mkuu alinikuta nikifanya hayo.

"Na mzee mwenyekiti akifukuzwa tena?"

"Atakuja kugombana, Mkuu."

"Hilo si jambo zuri."

"Atakuja," nikasema. "Hilo ndilo ninalotaka."

Alinitazama, akatazama upande wa masjala, akaondoka bila kusema tutaona.

Sijajisamehe, na sisemi hivyo ili nisifiwe. Nina tabia ya kujicheka hadharani, na nimegundua kwamba kujicheka ni njia rahisi ya kujipa adhabu ndogo ili usipewe kubwa. Katika jambo hili adhabu kubwa haikuja. Karani hakunishtaki. Hakuna aliyejua ila sisi wawili, na mkuu labda alikisia. Ananisalimia kama zamani. Ningependa aache kunisalimia.

Wiki iliyopita alikuja stoo, akasimama nyuma yangu.

"Nionyeshe tena pale panaposema imefika."

Nikamwonyesha. Akasoma ule mstari, kidole kikifuata kwenye kioo.

"Hii inamaanisha ameisoma?"

"Hapana."

"Inamaanisha imemfikia?"

"Inamaanisha mashine yao imeichukua, Mama. Baada ya hapo sijui. Pengine imefika na hajaifungua. Pengine imefika na amechoka na sisi. Pengine na wao wana chumba cha nyuma."

"Kama wangeikataa langoni tungejua?"

"Tungejua siku hiyo hiyo."

"Lakini hawakukataa."

"Hawakukataa."

Alitoa kidole kwenye kioo. Jikoni mtu alikuwa akikoroga sufuria kubwa, mwiko ukigonga pembeni. Nilitafuta la kumfariji na nikapata vitu vitatu, vyote vya uongo, nikaviacha.

"Hajui mama ameenda," alisema. "Hajui picha ilifika. Mama alikufa ameishika na yeye hajui."

"Mwandikie hilo."

"Na kama hajibu?"

Nikatazama kioo. Alivuta leso begani, akafikiri, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ile ya masjala, ya kuita mwanafunzi aliyesahau kutia sahihi.

"Yeye aliandika mara tatu, Mwalimu. Mimi nimeandika mara moja tu. Sogea hapo."

Nikasogea, nikampa kiti.